Jina la Mwenyewe

Siku ya kwanza Hamissi kumwona Bi Ghanima, aliona miguu tu. Ilisimama nyuma ya pazia la mlango wa ndani, katika nyumba ya zamani inayotazamana na gereji za mtaa wa Buyenzi, na pazia lenyewe lilikuwa fupi kuliko mlango. Miguu iliyovimba kidogo, ndani ya kandambili za bluu, imetulia kama kitu kilichowekwa pale na mtu mwingine. Hamissi alikuwa amekumbatia boksi la ruta kifuani. Hakujua aangalie wapi. Akalisalimia pazia.

"Asalaam alaykum, mama."

"Wa alayka salaam, fundi," pazia likajibu. "Karibu. Fanya kazi yako."

Sauti haikuwa na huzuni wala furaha. Ilikuwa sauti ya mtu anayesoma maandishi ya kwenye gunia la unga.

Mlango ulifunguliwa na Mwanasiti, jirani aliyekuwa akishinda pale na mjane, mama mnene ambaye mdomo wake haukuwahi kupata likizo. Alimwonyesha Hamissi kiti cha karibu na dirisha.

"We utakaa huku. Huko kwenye pazia si kwako. Mama Tahani iko mu eda, unaelewa?"

Hamissi alielewa. Eda si jambo la kumfundisha mtu wa Buyenzi. Mume akifa, mke hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki, hajipambi, hajitii manukato, na mwanamume asiye maharimu wake, yaani anayeweza kumwoa, hamwoni uso. Mwenye nyumba alikuwa amezikwa majuzi tu. Mtaa mzima ulimjua kwa jina la Mzee Pistoni kwa sababu ya duka lake la vipuri, na Hamissi naye alimjua hivyo hivyo. Alikwenda mazikoni, akatupa udongo wake kaburini, akarudi kazini.

Hamissi alikuwa mtu wa makamo, mpole kiasi kwamba wateja walimsahau chumbani mwao wakaanza kugombana mbele yake. Shule aliiachia msingi, akashika bisibisi. Alianza na redio, zikaja simu, na siku hizi alifunga intaneti majumbani. Mke wake aliondoka zamani, bila ugomvi, na tangu hapo kifua cha Hamissi kilikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha. Upo, unauona ni wako, lakini ukiubonyeza hauna habari. Hakulalamika. Ganzi haiumi.

Kisa cha kuitwa kwake kilikuwa hiki. Bi Ghanima alikuwa na mdogo wake wa kiume, Anouar, mfanyabiashara mwenye nyumba kubwa Mutanga Nord. Mazishi yalipokwisha, Anouar alitaka kumhamisha dada yake akakae eda kwake. Dada ana sukari, alisema, miguu inavimba, yuko peke yake, na nyumba inatazamana na wanaume wa gereji kutwa nzima. Bi Ghanima alikataa. Mke hukaa eda mule mume alimomwacha. Angetoka humo siku zikitimia, au angetoka amebebwa. Hakuwa na neno lingine zaidi ya hilo, na kila Anouar alipokuja alilirudia lile lile, bila kupandisha sauti.

Aliyewapatanisha ni Tahani, binti pekee wa Bi Ghanima, aliyeolewa Maskati na ambaye mimba ya mwezi wa tano, yenye matatizo, ilimzuia kuja kumzika baba yake. "Mjomba, nimwone mama kila asubuhi kwenye simu," alisema, "kwa macho yangu. Nione miguu, nione amekula. Nikimwona, mwacheni alipo." Anouar akakubali, lakini akaweka sharti lake: siku Tahani atakaposema hajamwona mama, yeye anakuja na gari. Sasa simu ya Bi Ghanima ilikuwa ikivuta mtandao wa kusuasua. Picha ilikwama, mama akiwa amebaki mdomo wazi, na binti kule ng'ambo anapiga kelele. Ndipo Anouar akanunua ruta, akamwagiza Hamissi. Ikifanya kazi, dada anabaki. Isipofanya, gari linakuja.

"Kwa hiyo hii ndiyo wifi," alisema Mwanasiti akikitazama kile kisanduku cheupe. "Mi wifi zangu wote wana midomo. Huyu anakula nini?"

"Umeme, mama."

"Basi huyu wifi ni mzuri. Wale wangu wanakula nyama."

Pazia halikucheka.

Hamissi alitia laini ya simu ndani ya ruta, akaanza kutembea nayo sebuleni kama mtu anayetafuta mahali pa kuweka mtoto aliyelala. Karibu na kabati taa ilikuwa nyekundu. Ukutani, nyekundu. Kwenye dirisha la barabarani, pale nyundo za gereji zinaposikika kama ziko chumbani, taa ikawa kijani. Akaiweka hapo, juu ya kitambaa kilichofumwa. Kisha akaomba simu ya mwenye nyumba. Mwanasiti alipenyeza mkono pembeni mwa pazia, akaitoa.

Kazi yenyewe si ngumu kwa anayeijua. Unaikuta namba chini ya tumbo la ruta, unaiandika kwenye simu, unafunguliwa ukurasa wa Kifaransa, na ukurasa unauliza maswali. Kilicho kirefu ni kungoja. Kiduara kilizunguka, kikazunguka, na Mwanasiti hakuwa mtu wa kuacha kimya kipite bila kukitumia.

"Unamuona huyu mama?" alisema, ingawa Hamissi hakumwona. "Watu wanafikiri Waarabu walikaa tu wakila halua. Huyu aliletwa hapa kutoka Rumonge, bibi harusi, hina haijatoka mikononi. Siku ya tatu, bwana akamletea beseni la petroli na beringi za zamani, osha."

"Siku ya pili," likasema pazia.

"Siku ya pili! Sikia. Miaka yote ile duka linaitwa la bwana, lakini kila chuma kilichouzwa pale, huyu alikiosha huko nyuma, kwa mswaki wa meno. Pistoni, valvu, nini sijui. Akaosha mpaka vidole vikafa. Sasa na sukari ikaongeza yake. Ukimpa chai inayochemka anashika kikombe kama cha maji."

"Haiunguzi," likasema pazia.

"Haiunguzi kwako! Na simu ndiyo vichekesho. Anagusa kioo, anagusa, simu inaona hakuna mutu."

"Kioo hakikosei," likasema pazia.

Hamissi aliinamia kiduara.

Kiduara kikakoma. Ukurasa ukauliza jina la mtandao. Hamissi alikuwa na desturi ya kumwuliza mwenye nyumba, kwa sababu ruta zote zinakuja na jina la kiwandani, herufi na tarakimu zisizoshikika, na watu wanachanganya yao na ya jirani. Wengine waliandika timu za mpira, wengine majina ya watoto, wengine majina yao.

"Mama, inataka jina. Niandike gani?"

"Jina la nini?"

"La hii mashine. Simu iitambue kati ya zingine."

Miguu ilisogea kidogo, ikatulia.

"Andika la mwenyewe."

"La mwenyewe?"

"Ndiyo. Kila kitu mu hii nyumba ni jina la mwenyewe."

Hamissi alifikiri kidogo tu. Mzee Pistoni hayupo tena. Nyumba imebaki na mwenyewe mmoja, naye yuko nyuma ya pazia. Jina lake alilisikia kwa Anouar alipoagizwa kazi. Akaandika kwa herufi kubwa, ili mama wa watu asisumbuke kulisoma: GHANIMA.

Likafuata neno la siri. Bi Ghanima alisema amwulize Mwanasiti, maana ndiye mwenye vidole.

"Weka ndagala," alisema Mwanasiti, aliyekuwa na dagaa wa ziwani jikoni.

"Ni fupi, mama. Inataka herufi nane."

"Basi weka ndagala mbili."

Hamissi akaweka ndagala2, na ruta ikakubali.

Simu ilipopigwa Maskati, picha haikukwama. Mwanasiti aliingia na simu nyuma ya pazia, na Hamissi akabaki dirishani akisikia.

"Mama! Nakuona! Umekula?"

"Nimekula."

"Nionyeshe miguu."

Kandambili zikaburuzwa sakafuni. Kisha Tahani akaanza kulia kule aliko.

"Usilie," mama yake akamwambia. "Picha itakwama."

Hamissi alikusanya bisibisi zake, akaaga pazia, akatoka.

Kesho yake mchana alipita barabara ile ile akitokea msikitini. Sylvère, mkubwa wa gereji iliyo mkabala na nyumba ile, alikuwa amekaa juu ya tairi na simu mkononi. Alikuwa mtu wa mzaha, anayemjua kila anayepita na kumtania kila anayemjua.

"We Hamissi! Njoo hapa, we ndiye fundi wa mambo haya. Ghanima ni nani?"

Hamissi akasimama.

"Nauliza kwa sababu tangu asubuhi namwomba anikubalie, anakataa."

Kutoka chini ya gari, Gélase, fundi wake, ambaye naye alikuwa akibahatisha neno la siri, akadakia: "Mi nimempa mot de passe zote za mji huu! Nimempa jina la mama yangu, nimempa tarehe yangu ya kuzaliwa! Ananiambia incorrect. Huyu mwanamke ana heshima, patron, tumwache!"

"Hana heshima, ana kufuli," alisema Sylvère, na gereji nzima ikacheka.

Hawakuwa na nia mbaya. Mke wa Mzee Pistoni walimjua kama Mama Tahani, na jina la kuzaliwa hawakuwahi kulisikia. Waliona tu jina la kike limewaka kwenye simu zao, limefungwa, na mchana ulikuwa mrefu.

Hamissi alielewa. Alielewa kama mtu aliye ndani anavyoelewa kwamba nje mvua inanyesha. Alisikia sauti yake, hakuloa. Mjane wa eda, aliyefichwa hata kivuli chake, jina lake lilikuwa barabarani linaombwa na wanaume. Na aliyelitoa nje ni yeye. Alipaswa kuvuka barabara saa ile ile akabishe hodi. Lakini kubisha hodi kwa mjane bila kuitwa, aseme nini, kwa mdomo upi? Akaendelea na safari yake. Alifunga ruta nyingine mtaa wa Bwiza, wakaiita jina la mbwa.

Simu ya Anouar ilimkuta huko.

"Fundi, ni wewe uliyemtangaza dada yangu?"

Alipofika, gari la Anouar lilikuwa mlangoni, buti wazi. Sebuleni palikuwa na begi limefunguliwa, halina kitu. Anouar alikuwa amesimama katikati, mtu mrefu mwenye kanzu safi, akiongea na pazia.

"Nashuka gari, simu inapiga kelele mfukoni, inaniuliza kama nataka kuingia. Natazama. Ghanima! Jina alilokupa marehemu mama, limewekwa katikati ya mitandao ya watu, juu Garage Espoir, chini Papa Chéri! Dada, nakuomba kwa Mungu. Panda gari. Hii si nyumba ya kukaa eda, hii ni soko."

"Mi siendi," likasema pazia.

"Da Mwanasiti, paki nguo zake."

"Nguo zake mi sizigusi," alisema Mwanasiti. "Paki wewe kama unajua mwanamke anavaa nini."

Anouar akamgeukia Hamissi. Hamissi alikuwa bado mlangoni, viatu mkononi.

"Nani alikwambia uandike jina la dada yangu?"

"Ni… ni mama mwenyewe alisema."

"Dada, wewe ulisema?"

"Nilisema aandike la mwenyewe," likajibu pazia.

Nje nyundo iligonga, ikaacha. Kisha Mwanasiti akajipiga paja.

"Ole wangu! La mwenyewe! Fundi, umeoa wewe?"

"Niliwahi."

"Na huyo mke wako, akiongea na watu, alikuwa anakuitaje? Alikuwa anasema Hamissi?"

Hamissi alitafuta. Ilikuwa mbali, kama kutafuta chombo kilichowekwa juu ya dari. Akaona uani, nguo zimeanikwa, mwanamke anamjibu mgeni aliye mlangoni: mwenyewe hajarudi, pita jioni. Maneno aliyakumbuka yote. Sauti haikuja.

"Alisema mwenyewe," akajibu.

"Basi! Hiyo ndiyo mwenyewe! Mwanamke wa nyumba hizi atamwita mumewe kwa jina, amekosa adabu? Ni baba fulani, ni mwenyewe. Huyu mama ameishi na yule mzee mpaka mvi, mdomo wake haujawahi kulitaja jina lile. We ukafikiri mwenyewe ni yeye!"

"Mzee alikuwa ameshafariki," alisema Hamissi, taratibu. "Nikaona mwenyewe amebaki mama."

Anouar aliteremsha mabega. Nyuma ya pazia kulisikika pumzi moja ndefu, basi.

"Hamoud," Anouar alisema mwishowe, kwa kuchoka. "Jina lake Hamoud. Futa hilo, andika Hamoud, mambo yaishe."

"We Anouar." Kwa mara ya kwanza sauti ya nyuma ya pazia ilikuwa na ncha. "Unataka hao wamweke mdomoni? Kesho waseme Hamoud amekataa, Hamoud amefungwa? Apana."

"Basi liandikwe lingine," alisema Anouar. "Lolote."

"Naweza kuandika nyumba tu," alisema Hamissi. "Au namba ya mlango."

"Nyumba ya nani?" likauliza pazia.

Hamissi aliitazama ruta.

"Hii nyumba haijapata mwenyewe mwingine," likasema pazia. "Nimekaa humu kwa sababu yake. Mkiandika kitu kingine, mi nakaa eda ya nani?"

"Na hata ukiandika lingine," alisema Anouar, "hao wa gereji watajua tu limetoka dirisha hili. Watabaki wanachokonoa kufuli la nyumba ya mjane. Dada, hakuna njia. Jina lako haliwezekani, lake hulitaki, lingine hulitaki. Zima hiyo mashine, fundi. Na ikizimwa, Tahani hakuoni, na asipokuona tulishakubaliana. Twende Mutanga."

Akainama, akachukua begi. Miguu ya nyuma ya pazia haikusogea, lakini pazia lenyewe lilitikisika, kana kwamba mtu amelishika.

Hamissi alikuwa na jambo, na jambo lile lilimkaa mdomoni muda, maana hakuzoea kusema watu wazima wakigombana. Alilisema akitazama viatu vyake.

"Kuna kulificha."

"Kuficha nini?"

"Jina. Ruta ina sehemu ya kuficha. Mtandao unakuwepo, unafanya kazi kama kawaida, ila simu ya mpita njia hailioni jina. Ni kama hakuna kitu. Anaingia yule tu anayelijua, aliandike mwenyewe kwenye simu yake."

"Na wa gereji?"

"Hawataona hata kufuli."

Mwanasiti alitazama ruta, akatazama pazia.

"Yaani na yenyewe tunaitia eda," alisema.

Ungekuwa wakati mwingine angecheka yeye mwenyewe. Hakucheka.

"Fanya hivyo," likasema pazia. "Andika la mwenyewe. Ulifiche."

Hamissi alikaa kwenye kile kiti cha dirishani. Alifungua ukurasa, akafuta herufi za jina la mama moja moja, akauliza namna ya kuandika lile lingine. "Kama kwenye kibao cha duka, na o-u," alisema Anouar, begi bado mkononi. Hamissi akaandika Hamoud. Chini yake palikuwa na kisanduku kidogo, na maneno ya Kifaransa ya kuficha jina. Akakigusa. Ruta ikazima taa zake zote, ikakaa giza, ikawasha moja moja.

Ng'ambo ya barabara Sylvère alipaza sauti.

"Eh! Ghanima ameondoka!"

"Amekwenda wapi?" Gélase aliuliza kutoka chini ya gari lake.

"Sijui! Amenikatia! Nilikuwa nimekaribia!"

"Nilikuambia tumwache, patron."

Sebuleni kila mtu alisikia. Anouar alifumba macho. Hamissi alingoja wamalize kucheka, kisha akachukua simu ya Bi Ghanima, akaandika jina lile kwa mkono, herufi kwa herufi, akaandika na ndagala zake mbili, simu ikashika mtandao. Akampa Mwanasiti, na Mwanasiti akaingia nayo ndani. Bi Ghanima alisoma msahafu tangu utotoni, lakini herufi za Kifaransa hakuzijua.

"Imeandikwa nini?" alimwuliza Mwanasiti.

"Hamoud. Connecté."

Hamissi aliangalia taa ya kijani.

"Soma tena."

"Hamoud. Connecté."

"Basi," alisema Bi Ghanima. "Mpigie mtoto."

Tahani alipokea mara moja. Aliuliza kama mama amekula, mama akasema amekula. Aliuliza mjomba anafanya nini pale na begi, na Anouar, bila kujibu, akalifunga zipu lile begi tupu akalipeleka garini. Aliporudi kuaga alisimama mlangoni.

"Nitapita Ijumaa, dada."

"Uje na sabuni," likasema pazia.

Bi Ghanima akabaki.

Siku zikaenda. Hamissi alipita barabara ile mara nyingi, maana mtu wa Buyenzi anatembea, na barabara ndizo hizo hizo. Wakati mwingine akifika mkabala na dirisha alitoa simu, akatazama majina yaliyokuwa hewani. Garage Espoir. Papa Chéri. Mengine ya kiwandani. Pale katikati hapakuwa na kitu, na yeye alijua kwamba kitu kipo. Alirudisha simu mfukoni. Hakuona uchungu wala raha. Alitazama tu, kama unavyobonyeza mkono uliokufa ganzi kuona kama umeanza kuamka. Siku moja alijisikia kutaka kuikumbuka sauti ya mke wake, akajaribu mpaka alipofika nyumbani, haikuja, akapika.

Kutoka kwa Mwanasiti, aliyemkuta sokoni, alipata habari chache. Mama Tahani anaonekana Maskati kila asubuhi. Miguu imepungua kidogo. Haombi kitu, halii, hasimulii. Asubuhi kabla ya kumpigia mtoto anataka kwanza asomewe jina, mara moja tu, kisha anasema basi.

"Nimemwambia nitamfundisha hizo herufi ajisomee," alisema Mwanasiti. "Anasema apana, mdomo wako unatosha. Mi ndiyo nimekuwa wa kumwita mume wa watu kila siku! Wifi wa kweli ni mimi."

Eda ilipotimia, Mwanasiti alimpigia simu Hamissi. Wanawake wa mtaa wamekuja, alisema, wamemwogesha, wamemvisha nguo mpya, wamemfukiza udi, dua imesomwa. Anouar ameona jina la marehemu linaweza kutoka hadharani sasa. Kelele za gereji zilishasahaulika, na wageni wanaokuja kumsalimia mama wanahangaika kuingia kwenye mtandao usioonekana. Aje alifungue.

Hamissi alikuta sebule bado ina harufu ya udi na sinia za mikate zilizobaki. Pazia lilikuwa limeshushwa.

"Yuko huko huko," alinong'ona Mwanasiti, safari hii bila mzaha wowote. "Tumemaliza kila kitu, tumemwambia njoo ukae na watu sebuleni. Amekaa pale pale. Hasemi kwa nini. Nadhani hata yeye hajui."

Wiki iliyofuata Tahani alijifungua, akatuma tikiti, na Anouar akampeleka dada yake uwanja wa ndege akiwa amejifunika vizuri. Nyumba ikafungwa, na Hamissi alipata habari hizo kwa Sylvère, baadaye kabisa. Siku ile hakuyajua hayo. Alikaa kwenye kiti cha dirishani, akafungua ukurasa, akafika kwenye kile kisanduku kidogo cha kuficha, kidole kikiwa tayari. Kisha akaona si vizuri kukigusa kabla ya kuuliza.

"Mama," alisema. "Eda imeisha. Nilitoe jina?"

Alingoja. Jibu lilikuja taratibu, kwa sauti ile ile ya siku ya kwanza.

"Liache ndani, fundi. Mi nimemaliza siku tu. Sijatoka."